ipcalc: ukokotoaji wa anwani za IP na istilahi zake katika Kiswahili

Maana

ipcalc ni programu ndogo ya mstari wa amri inayokokotoa taarifa za mtandao kutokana na anwani moja ya IP. Mtumiaji huandika anwani pamoja na urefu wa kiambishi chake, naye hujibiwa kwa orodha fupi: barakoa ya mtandao, anwani ya mtandao wenyewe, anwani ya kwanza na ya mwisho zinazoweza kupewa vifaa, anwani ya utangazaji, na idadi ya vifaa vinavyoweza kuwamo. Kwa kazi hiyo programu haitumi chochote mtandaoni, wala haichunguzi kama anwani iliyotajwa inatumika. Kazi yake ni hesabu tupu.

Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo zote, hata mwanzoni mwa sentensi, kwa kuwa mifumo ya Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na anayeandika *Ipcalc* ataambiwa kuwa amri hiyo haipo. Jina halitafsiriwi. Katika upatanisho wa kisarufi huingia ngeli ya I-/ZI-, kama neno *programu*: *ipcalc imeonyesha*, *ipcalc hii*.

Kitenzi kinachofaa kwa kazi yake ni *kukokotoa*, si *kuhesabu*. Kuhesabu ni kutaja idadi ya vitu kimoja kimoja, ilhali kukokotoa ni kupata jibu kwa kanuni. Nomino *kikokotoo* inajulikana vyema. Nchini Tanzania ilivuma tangu 2018 katika mjadala wa mafao ya wastaafu, ambako ilimaanisha kanuni ya kukokotolea. Kuiita ipcalc *kikokotoo cha anwani za IP* ni sahihi.

Mfano mmoja wa amri na jibu lake

Makala haya yanatumia anwani moja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika mifumo ya Debian na Ubuntu, amri ifuatayo:

`ipcalc 192.168.10.77/26`

huleta jibu lifuatalo:

```
Address:   192.168.10.77         11000000.10101000.00001010.01 001101
Netmask:   255.255.255.192 = 26  11111111.11111111.11111111.11 000000
Wildcard:  0.0.0.63              00000000.00000000.00000000.00 111111
=>
Network:   192.168.10.64/26      11000000.10101000.00001010.01 000000
HostMin:   192.168.10.65         11000000.10101000.00001010.01 000001
HostMax:   192.168.10.126        11000000.10101000.00001010.01 111110
Broadcast: 192.168.10.127        11000000.10101000.00001010.01 111111
Hosts/Net: 62                    Class C, Private Internet
```

Mistari ni minane tu, lakini karibu kila mmoja una neno lenye mtego kwa mfasiri. Mitego hiyo haiepukiki kwa kufungua kamusi peke yake, kwa sababu maana ya kila neno imo ndani ya hesabu. Asiyeielewa hesabu ataandika Kiswahili kinachosomeka vizuri na kumpotosha fundi.

Mpaka usioonekana

Anwani ya IP ya toleo la nne, ambalo maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 1981, ni namba moja yenye biti 32. Ili isomeke na binadamu, hugawanywa katika mafungu manne ya biti nane, yaitwayo okteti, na kila okteti huandikwa kama namba ya kawaida kati ya 0 na 255. Namba hiyo moja hubeba habari mbili: mtandao ambamo kifaa kimo, na kifaa chenyewe. Sehemu ya kushoto hutaja mtandao, na ya kulia hutaja kifaa. Sehemu ya kushoto ndiyo iitwayo *kiambishi*.

Jambo la kushika ni kwamba anwani yenyewe haionyeshi mpaka wa sehemu hizo uko wapi. Nukta zake tatu si mpaka. Zimewekwa kwa ajili ya macho ya msomaji tu. Mpaka huonyeshwa na kitu kilicho nje ya anwani, yaani namba inayofuata mkwaju. *192.168.10.77/26* ina maana kwamba biti 26 za kwanza ni kiambishi, na biti 6 zilizobaki ni za kifaa.

Kwa mwanafunzi wa isimu hali hii si ngeni. Neno *kitabu* lilitoka katika Kiarabu likiwa neno zima, lakini wasemaji wa Kiswahili walisikia *ki-* ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, wakaweka mpaka baada yake na kupata wingi *vitabu*. Neno *kilo* nalo lina *ki-* ile ile ya mwanzo, lakini hakuna asemaye *vilo*. Wingi wake ni *kilo*. Sauti ni zile zile, ila mpaka umewekwa katika neno moja na haukuwekwa katika jingine. Anayekutana na maneno hayo mara ya kwanza hawezi kuutambua mpaka kwa kusikiliza *ki-* peke yake. Hali kadhalika, hakuna awezaye kuitazama 192.168.10.77 peke yake akajua mtandao wake ni upi.

Kwa hiyo istilahi *kiambishi*, iliyokuwa ya sarufi kabla ya kuwa ya kompyuta, inafaa kabisa hapa. Tofauti moja tu ikumbukwe: katika sarufi urefu wa kiambishi hutokana na lugha yenyewe, ilhali katika anwani urefu huo huamuliwa na msimamizi wa mtandao, na lazima uandikwe.

Hesabu inavyofanyika

Barakoa ya mtandao ni namba ya biti 32 ambayo biti zake za kiambishi zote ni 1, na zilizobaki zote ni 0. Kwa kiambishi cha biti 26, okteti tatu za kwanza hujaa na kuwa 255. Okteti ya nne ina biti mbili za 1 na sita za 0, yaani 11000000, ambayo ni 192.

Ili kupata anwani ya mtandao, kila biti ya anwani hulinganishwa na biti ya barakoa iliyo chini yake. Zote mbili zikiwa 1, jibu ni 1. Vinginevyo jibu ni 0. Okteti tatu za kwanza hupita bila kubadilika. Okteti ya nne ni 77, yaani 64 + 8 + 4 + 1, ambayo huandikwa 01001101:

```
77    01001101
192   11000000
      --------
64    01000000
```

Anwani ya mtandao ni 192.168.10.64. Biti sita za kifaa zikigeuzwa zote kuwa 1, hupatikana 01111111, yaani 127, na hiyo ndiyo anwani ya utangazaji. Zilizo katikati, kuanzia 65 hadi 126, ndizo zinazoweza kupewa vifaa. Biti sita zina michanganyiko 64. Ukiondoa anwani ya mtandao na ya utangazaji, hubaki 62.

Darasani ipo njia ya mkato isiyohitaji biti. 256 ukitoa 192 hubaki 64. Basi mitandao yenye barakoa hiyo huanza 0, 64, 128 na 192. Namba 77 iko baada ya 64 na kabla ya 128, kwa hiyo mtandao wake unaanzia 64. Ni vyema mwanafunzi apate jibu kwa mkono kwanza, kisha aitumie ipcalc kujisahihisha.

Istilahi moja moja

*Barakoa ya mtandao.* Ni tafsiri ya Netmask. Wafasiri husita kati ya *kinyago* na *barakoa*. Kinyago, kama kile cha wachezaji wa Kimakonde, huufunika uso na kuuwekea sura nyingine. Barakoa, tangu zama za vazi la wanawake wa pwani na Omani hadi ile iliyoenea kila mahali mwaka 2020, hufunika sehemu ya uso na kuacha sehemu nyingine ionekane. Barakoa ya mtandao hufanya hivyo hivyo: huacha kiambishi kionekane na kuficha sehemu ya kifaa. *Barakoa* ndiyo yenye maana karibu zaidi. Neno *kichujio* lisitumike, kwa kuwa limeshikwa na kazi nyingine ya kuruhusu au kuzuia data kupita.

*Kinyume cha barakoa.* Mstari wa Wildcard hauna uhusiano wowote na kadi wala na pori. Namba yake hupatikana kwa kugeuza kila biti ya barakoa: 1 huwa 0, na 0 huwa 1. Hutumika hasa katika kuandika orodha za ruhusa ndani ya ruta. Jina linaloeleza jambo lenyewe ni *kinyume cha barakoa*.

*Anwani ya mtandao.* Ni anwani ya kwanza ya fungu zima, nayo hutaja mtandao wenyewe badala ya kifaa. Tatizo lake ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku *mtandao* humaanisha intaneti, na *anwani ya mtandao* humaanisha anwani ya tovuti. Katika maandishi ya kitaalamu istilahi itumike, lakini ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza: *anwani ya mtandao, yaani anwani ya kwanza ya fungu*.

*Mtandao tanzu.* Ni sehemu iliyokatwa kutoka mtandao mkubwa zaidi na kupewa kiambishi chake. *Mtandao mdogo* hutumika pia, lakini huashiria udogo, ilhali jambo la msingi ni kuwa sehemu ya kitu kikubwa. Mtandao mdogo wa nyumbani waweza usiwe tanzu ya chochote, na mtandao tanzu waweza kuwa na maelfu ya anwani. Kiswahili kina mfano uliokwisha kukubalika, *kampuni tanzu*. Kwa kuufuata, *mtandao tanzu* na *mitandao tanzu* huandikwa bila kistari, na *tanzu* haibadiliki katika wingi.

*Kifaa.* Mistari ya HostMin, HostMax na Hosts/Net huwavuta wengi kwenye neno *mwenyeji*. Neno hilo ni zuri panapokuwa na mgeni. Hapa hakuna mgeni, na *wenyeji 62* humfanya msomaji afikirie wakazi. *Seva pangishi* nayo ni mashine inayohifadhi tovuti za watu wengine, jambo tofauti kabisa. Kinachotajwa ni chochote kinachopewa anwani: kompyuta, printa, simu, kamera. *Kifaa* chatosha. HostMin ni *anwani ya kwanza ya kifaa*, HostMax ni *anwani ya mwisho ya kifaa*, na Hosts/Net ni *idadi ya vifaa kwa kila mtandao*.

*Anwani ya utangazaji.* Ujumbe unaopelekwa kwenye anwani hii hufika kwa vifaa vyote vya mtandao huo kwa pamoja, kama mbiu ya mgambo inavyosikiwa na kijiji kizima. *Utangazaji* unafaa. *Matangazo* hayafai, kwa sababu *anwani ya matangazo* husomeka kama mahali pa kupeleka matangazo ya biashara.

*Daraja.* Maneno Class C ni masalia ya utaratibu wa zamani, ambapo urefu wa kiambishi ulikadiriwa kutokana na namba ya kwanza ya anwani: biti 8 kwa daraja A, 16 kwa daraja B, na 24 kwa daraja C. Mwaka 1993 utaratibu huo ulipokewa na ule wa sasa, ambao huruhusu kiambishi cha urefu wowote na kuuandika baada ya mkwaju. Ndiyo maana jibu la mfano wetu lina Class C pamoja na kiambishi cha biti 26, jambo linalowachanganya wanafunzi wengi. *Ngeli* iachiwe sarufi; *tabaka* iachiwe jamii.

*Anwani za matumizi ya ndani.* Maneno Private Internet hutaja mafungu matatu yaliyotengwa rasmi mwaka 1996 kwa mitandao ya ndani ya nyumba, shule na ofisi: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Anwani hizo hazipitishwi katika intaneti ya umma, na kila taasisi yaweza kuzitumia bila kuomba. *Anwani za faragha* hudokeza kwamba mawasiliano yake yamefichwa au yamelindwa, jambo lisilo kweli. *Anwani binafsi* huweza kueleweka kuwa ni za mtu mmoja. *Anwani za matumizi ya ndani* ni ndefu kidogo, lakini haidanganyi.

Sarufi: *biti 26* si *biti ya 26*

Kosa zito kuliko yote katika tafsiri za somo hili halitokani na istilahi. Linatokana na kiunganishi kidogo cha *-a* ya uhusiano.

Katika Kiswahili, namba inayofuata nomino moja kwa moja hutaja idadi, na inayotanguliwa na *-a* hutaja nafasi katika mfuatano. *Vitabu vitano* ni idadi. *Kitabu cha tano* ni nafasi. Kwa namba zinazoandikwa kwa tarakimu tofauti hiyo hubebwa na silabi moja tu:

- *biti 26*: idadi ya biti ni ishirini na sita;
- *biti ya 26*: biti moja, iliyo katika nafasi ya ishirini na sita;
- *mtandao wa 26*: mtandao wa ishirini na sita katika orodha;
- *anwani 62*: idadi ya anwani ni sitini na mbili;
- *anwani ya 62*: anwani moja, ya sitini na mbili.

Kwa hiyo */26* haiwezi kutafsiriwa *kiambishi cha 26*, maana msomaji ataelewa kuwa kuna viambishi ishirini na vitano vilivyotangulia. Usemi sahihi ni *kiambishi cha biti 26*, au *kiambishi chenye urefu wa biti 26*. Nomino *biti* isiachwe.

Nomino *anwani*, *biti* na *barakoa* zote zimo katika ngeli ya I-/ZI-, na umbo lake halibadiliki katika wingi. Umoja na wingi huonekana katika upatanisho peke yake: *anwani ya kifaa inayofuata*, *anwani za vifaa zinazofuata*. Mfasiri anayeandika *anwani ya vifaa* pale panapohusika anwani nyingi humwelekeza fundi kuvipa vifaa vyote anwani moja, na vifaa viwili vyenye anwani moja katika mtandao mmoja hugongana.

Kugawa mtandao

ipcalc ya Debian huweza pia kugawa mtandao kwa kadiri ya mahitaji. Tuseme shule ina fungu la 192.168.10.0/24 na inataka mitandao tanzu mitatu: maabara ya kompyuta yenye vifaa 50, chumba cha walimu chenye vifaa 20, na ofisi yenye vifaa 10.

`ipcalc 192.168.10.0/24 -s 50 20 10`

Jibu litatoa 192.168.10.0/26 kwa maabara, 192.168.10.64/27 kwa walimu na 192.168.10.96/28 kwa ofisi, kisha litaje anwani ambazo hazijatumika, kuanzia 192.168.10.112 hadi mwisho wa fungu.

Katika jibu hilo, kwa maabara hutajwa ukubwa ulioombwa, vifaa 50, na mwishoni hutajwa ukubwa unaohitajika kwa mitandao tanzu yote mitatu, anwani 112. Vyote viwili vikitafsiriwa kwa neno moja *ukubwa*, msomaji ataona namba mbili zinazopingana. Namba ya pili ni jumla ya mafungu yote matatu; kwa maabara, vifaa 50 vinahitaji anwani 52, pamoja na ya mtandao na ya utangazaji, na fungu la karibu linalotosha ni la anwani 64, kwa kuwa mafungu hukua kwa kuzidishwa mara mbili: 16, 32, 64, 128. Tafsiri iseme wazi *vifaa vilivyoombwa* na *anwani zinazohitajika*.

Kanuni ya kuondoa anwani mbili ina hali ya pekee. Kiambishi cha biti 31 huacha anwani mbili tu, na tangu mwaka 2000 imeruhusiwa rasmi kuzitumia zote mbili katika kiungo kati ya vifaa viwili. Kitabu cha kiada kisiandike *daima* pale panapofaa *kwa kawaida*.

Programu mbili, jina moja

Zipo programu mbili tofauti ziitwazo ipcalc. Ya Debian na Ubuntu iliandikwa na Krischan Jodies kwa lugha ya Perl. Ya Fedora na jamaa zake wa Red Hat imeandikwa kwa lugha ya C. Hesabu zake zinakubaliana, lakini vichaguzi vyake, yaani herufi zinazofuata kistari, havikubaliani. Ni homonimu: umbo moja, maana mbili.

- `-b`: katika Debian huondoa safu ya biti katika jibu, katika Fedora hutoa anwani ya utangazaji.
- `-n`: katika Debian huondoa rangi katika jibu, katika Fedora hutoa anwani ya mtandao.

Amri `ipcalc -b 192.168.10.77/26` katika Fedora hujibu `BROADCAST=192.168.10.127` na kunyamaza. Katika Debian amri hiyo hiyo huleta orodha nzima bila safu ya biti. Mafunzo yoyote ya Kiswahili yanayotaja vichaguzi lazima yaseme yanazungumzia mfumo upi. Mwanafunzi asipoambiwa, atadhani amekosea yeye.

Kuandika na kusoma anwani

Mkwaju na namba inayoufuata ni sehemu ya taarifa, si pambo. Anwani isitenganishwe na kiambishi chake kwa nafasi wala kwa kukatwa mwishoni mwa mstari. Nukta zake si za desimali, kwa hiyo zisigeuzwe kuwa mkato. Inapowezekana, anwani isiwekwe mwisho wa sentensi, maana kitone cha kufunga sentensi hunakiliwa pamoja nayo.

Katika kusoma kwa sauti au kuandikisha imla, okteti moja moja isomwe kwa tarakimu zake: *moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta, moja sifuri, nukta, saba saba, mkwaju, mbili sita*. Usomaji wa *mia moja tisini na mbili* ni sahihi kisarufi, lakini katika simu yenye kelele *sitini* na *tisini* huchanganyika kwa urahisi.

Anwani za toleo la sita zina biti 128 na huandikwa kwa heksadesimali, mafungu yake yakitengwa kwa nuktambili. Humo kiambishi kipo na kazi yake ni ile ile, lakini anwani ya utangazaji haipo. Mfasiri asiichomeke kwa mazoea.

Mfano wa tafsiri na masahihisho

Maelekezo yafuatayo yametungwa ili kuonyesha makosa yaliyojadiliwa:

> Weka anwani 192.168.10.77, kinyago cha 26. Mtandao mdogo una wenyeji wa 62. Anwani ya matangazo ni 192.168.10.127.

Fundi anayesoma hivyo hana namna ya kujua kuwa *26* ni urefu wa kiambishi. Yumkini ataweka anwani bila kiambishi na kuiacha mashine ijaze barakoa iliyozoeleka ya 255.255.255.0. ipcalc ya Debian nayo, ikipewa 192.168.10.77 bila mkwaju, huchukulia biti 24.

Matokeo yake si ya nadharia. Tuseme printa ina anwani 192.168.10.130/26, yaani imo katika mtandao tanzu unaoanzia 128. Kompyuta yenye barakoa sahihi hutambua kuwa printa iko nje, na hupeleka kazi kwa ruta. Kompyuta iliyopewa biti 24 huamini kuwa printa iko katika mtandao wake. Huita humo humo ni nani mwenye anwani 130, na hakuna anayeitika. Printa nzima, nyaya nzima, anwani nzima, chapa haitoki. Fundi atabadilisha waya, atabadilisha swichi, na huenda asirudi kamwe kwenye sentensi iliyomponza.

Maelekezo yaliyosahihishwa ni haya:

> Weka anwani 192.168.10.77/26, yaani anwani yenye kiambishi cha biti 26 na barakoa 255.255.255.192. Mtandao tanzu huu una nafasi ya vifaa 62. Anwani 192.168.10.127 ni ya utangazaji. Usiipe kifaa chochote.

Tafsiri ya pili imeongeza maneno machache tu, lakini imetaja mpaka mara mbili, kwa kiambishi na kwa barakoa, ili kimoja kikikosewa kingine kikisahihishe. Mhariri anayepitia tafsiri ya namna hii anaweza kuijaribu mwenyewe: aandike katika ipcalc anwani jinsi ilivyo katika maandishi ya Kiswahili, kisha alinganishe jibu na namba zilizo katika maandishi ya asili. Zikitofautiana, kuna kitu kimepotea katika tafsiri, na mara nyingi ni kile kilichofuata mkwaju.